Damu ya mama inaweza kutuambia nini kuhusu mtoto aliye tumboni?

Wasikilizaji wetu, kuanzia Dongobesh hadi Bassotu, huuliza kama ni kweli kwamba siku hizi damu ya mjamzito inaonyesha afya ya mtoto. Ni kweli, ila ina mipaka.

Mwaka 1997, Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya vinasaba vya mtoto huelea katika damu ya mama. Hutoka hasa kwenye kondo la nyuma. Kuanzia wiki ya 10 ya ujauzito, maabara inaweza kuvihesabu. Kwa kawaida binadamu ana kromosomu 46. Ikizidi moja ya namba 21, mtoto huwa na hali ya Down. Zamani ilibidi mama achomwe sindano tumboni ili kujua hayo, na kulikuwa na hatari ndogo ya mimba kuharibika. Hata leo kipimo cha damu kinadokeza tu. Sindano ndiyo inayothibitisha.

Kipimo hiki ni ghali, na hakimo katika vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito.

Ugonjwa wa kurithi unaotugusa zaidi Watanzania ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao nchini kila mwaka. Hapa hatuhitaji kungoja teknolojia mpya: baba na mama wanaweza kupimwa damu hata kabla ya mimba.

Mtu mwenye kinasaba kimoja cha selimundu kwa kawaida haumwi. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo mtoto akiugua, si laana, wala si kosa la mama. Amerithi pande zote mbili.

Mkijua mapema, mtoto atapimwa akiwa mchanga kwa tone la damu ya kisiginoni. Akigundulika, ataanzishiwa dawa ya kuzuia maambukizi, chanjo na kinga ya malaria kabla hajazidiwa.

Kina mama, anzeni kliniki kabla ya wiki ya 12. Kina baba, nendeni pamoja nao. Kama kuna selimundu kwenye ukoo wenu, mwambieni mhudumu, na mumuulize kama kipimo kinapatikana hapo, Haydom au kwingineko.