Mwanafunzi na Haki ya Mwili Wake
Sehemu ya Pili: Usiku wa Juni

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu alama: jinsi mwanafunzi wa darasa la kumi na mbili hapa Maskati anavyokabiliana na mitihani ya Januari na ya Juni ili aipate Diploma ya Elimu ya Jumla, na jinsi alama hizo, tangu mwaka wa masomo wa 2006/2007, zinavyopelekwa kwenye kituo kimoja cha serikali kinachogawa nafasi za vyuo kwa ushindani, hata alama chache zikaweza kumtenga kijana na fani aliyoitamani tangu utotoni. Leo nakusudia kuzungumza juu ya kitu ambacho wazazi wengi hukihesabu kuwa ni adui wa alama hizo, nami nakihesabu kuwa ni sehemu ya masomo yenyewe, nacho ni usingizi.

Si ajabu kwamba watu wetu waliorejea kutoka Unguja, Pemba na Mombasa wameishika elimu kwa mikono miwili. Aliposhika utawala Sultan Qaboos mwezi wa Julai 1970, nchi nzima ya Oman ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, Maskati, Matrah na Salalah, zenye wanafunzi wapatao mia tisa, wote wanaume. Na katika miaka iliyofuata, watu ambao nyumba na mashamba yao yalibaki nyuma baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 walipokewa mahospitalini, maskulini na maofisini kwa ajili ya kile walichoweza kukibeba, yaani masomo yao. Leo skuli za serikali zimepindukia elfu moja, na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kimefunguliwa tangu 1986. Walakini hofu ile ya kwamba asiye na cheti hana kitu ingali imo majumbani mwetu, na mjukuu anairithi bila ya kuambiwa imetoka wapi. Naistahi hofu hiyo, kwa kuwa imewafikisha wengi mbali, bali naikataa pale inapogeuka kipimo cha bidii, ikawa mtoto mwema ni yule ambaye taa ya chumba chake haizimwi.

Tuitazame siku moja ya binti wa darasa la kumi na mbili katika mtaa kama Mabela. Hurudi kutoka skuli kwenye saa nane za mchana, jua likiwa kali. Mama amekwisha kumwekea wali na mchuzi wa nguru. Akishakula huingia chumbani, huwasha kiyoyozi, hufunga mapazia, akalala tangu saa tisa mpaka adhana ya Magharibi. Huamka kichwa kizito, akanywa chai ya karak ili apate kuchangamka, akakaa na mwalimu wa twisheni mpaka baada ya Isha, akala chakula cha usiku, na ndipo, saa nne ikishapiga, anapokifungua kitabu chake cha fizikia peke yake kwa mara ya kwanza. Saa saba huzima taa, lakini usingizi hauji, na unapokuja, mara anasikia mlango unagongwa na mama: "Amka mwanangu, Alfajiri hiyo." Saa kumi na mbili na nusu basi li mlangoni. Darasani husinzia, na akirudi nyumbani huwa amechoka zaidi ya jana, basi alasiri hulala zaidi ya jana. Wazazi wake huona jitihada kubwa, na kweli jitihada ipo, ila sehemu yake kubwa inapotea bure.

Nao wataalamu wamekwisha kutubainishia kwa nini inapotea. Bibi Mary Carskadon wa Marekani, aliyeanza mwaka 1976 kuwalaza vijana katika Chuo Kikuu cha Stanford nyakati za likizo na kuwachunguza mwaka baada ya mwaka, alitazamia kuona kwamba kadiri mtoto anavyokua ndivyo haja yake ya usingizi inavyopungua; akakuta sivyo, bali kijana anayeachwa alale mpaka atosheke hulala saa tisa hivi, sawa na mdogo wake. Ikadhihirika baadaye kwamba mtu anapobaleghe, ile homoni ya melatonini inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia huchelewa kutoka, kwa hiyo kijana asiyeona lepe la usingizi saa tatu si mkaidi wala si mvivu. Alexander Borbély wa Zurich naye aliandika mwaka 1982 kwamba usingizi unaendeshwa na mambo mawili: saa iliyomo ndani ya mwili, na haja inayojikusanya kidogo kidogo muda wote mtu anapokuwa macho. Anayelala saa tatu nzima za alasiri huwa ameitumia haja ile kabla ya wakati wake, na usiku ukifika hana cha kumlaza; chai ya karak nayo huifunika haja hiyo bila ya kuiondoa, kwani kafeini hukaa mwilini muda mrefu, na baada ya saa tano hivi nusu yake huwa ingalimo.

Na hicho anachokisoma usiku wa manane, je, hubaki? Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Jenkins na Dallenbach waliwahifadhisha vijana wawili orodha za silabi kumi kumi zisizo na maana, kisha mara wakawaacha walale, mara wakawaacha wakae macho na shughuli zao. Baada ya saa nane, waliporudi kutoka usingizini walikumbuka nusu ya orodha au zaidi. Waliposhinda macho walikumbuka kama silabi moja tu. Watu wawili ni wachache, lakini utafiti wa miaka mia iliyofuata umeithibitisha asili ya jambo hilo: ubongo uliolala huyarudia yaliyosomwa mchana na kuyathibitisha mahali pake. Anayekesha ili adurusu anafukuza kwa mkono mmoja anachokaribisha kwa mwingine.

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu, kwa sababu madaktari wanasema kijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane anahitaji saa nane hadi kumi katika kila siku, na watu husoma shauri hilo kana kwamba usiku wa kila mji na kila mwezi ni mmoja. Mjini Maskati mwezi wa Januari, Isha huadhiniwa karibu na saa moja na Alfajiri karibu na saa kumi na moja na nusu, baina yao saa kumi na zaidi, na mwanafunzi ana wasaa wa kusoma na wa kulala. Mwezi wa Juni, Isha huadhiniwa saa mbili na dakika zake, na Alfajiri kabla ya saa kumi. Baina yao hazitimii saa nane. Maana yake ni kwamba katika mwezi ule ule wa mtihani mkubwa, kijana anayesali sala zake kwa wakati, hata angeingia kitandani mara tu baada ya Isha, asingeitimiza haki ya mwili wake kwa usiku peke yake. Anayelala saa sita za usiku hupata saa nne tu, kisha tunamwingiza katika chumba cha mtihani tukamwambia akumbuke.

Kwa hivyo kailula, yaani usingizi wa mchana, ambayo wazee wetu waliishika bila ya kuhitaji utafiti wowote, mwezi wa Juni si anasa. Ila iwe na mpaka, na mpaka wake uko tayari: Alasiri ya Maskati mwezi huo huadhiniwa karibu na saa tisa na nusu, basi alalaye baada ya chakula aamke kwa adhana hiyo, na haja ya usiku itabaki ya usiku. Saa tatu na nusu taa izimwe. Baada ya Alfajiri, badala ya kurudi kitandani, kijana ana saa mbili za utulivu kabla ya basi, nyumba ikiwa kimya, simu za rafiki zimelala, na akili imepumzika. Hapo ndipo mahali pa hesabu na fizikia.

Najua kwamba wanavyuoni wa zamani waliusifu mkesha wa mwenye kutafuta elimu. Sheikh az-Zarnuji, katika kitabu chake cha adabu za mwanafunzi, ameusifu pia. Lakini nyakati anazozitaja kuwa bora kwa masomo ni wakati wa sahari, kabla ya Alfajiri, na baina ya Magharibi na Isha, na humo humo anamwonya mwanafunzi asijitaabishe mpaka akadhoofika, bali aende kwa upole. Na sote tunakijua kisa cha Abdullah bin Amr bin al-Aas, aliyeazimia kufunga kila siku na kusali usiku kucha, Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa kiasi, kemia haiwezi kudai zaidi.

Mengine ni kazi ya wazazi. Twisheni iombwe iwe baina ya Alasiri na Magharibi, hata kama mwalimu anapenda usiku; karak ya mwisho iwe ya alasiri; na wageni wa Alhamisi usiku wasimkeshe mtoto sebuleni kwa sababu tu kesho hakuna skuli, kwa kuwa siku mbili za kulala mpaka adhuhuri huivuruga saa ya mwili mpaka Jumatatu. Akionekana hali, halali hata anapopata nafasi, au analia bila ya sababu anayoitaja, hilo si jambo la kukemewa: katika skuli zetu yuko mtaalamu wa mambo ya jamii, na mama aende kwake mapema, kabla ya kwenda kwa mwalimu wa hesabu. Iliyobaki ni simu, ambayo huingia kitandani pamoja na mtoto na kumla usiku wake. Habari yake ni ndefu, na inshallah tutaieleza katika sehemu ya tatu.