Sindano ya Goti na Njia ya Kwenda Misa

Kila Jumapili hapa Likasi twawaona wazee wetu wakitoka Kikula, Panda na Shituru, wakienda Misa polepole, mkono umeshika goti. Wengi walimaliza ujana wao migodini na viwandani, wakichuchumaa na kubeba mizigo mizito. Kazi za namna hiyo, pamoja na uzee na unene wa mwili, hulichakaza goti. Gegedu, ile nyama laini na ngumu ifunikayo ncha za mifupa, hupungua kidogo kidogo. Goti huvimba, na asubuhi hukataa kukunjuka.

Basi jirani huja na habari: ipo sindano, nawe utatupa fimbo! Je, ni kweli?

Ni kweli nusu. Dawa yenyewe ni ya jamii ya kortisoni, ambayo Daktari Philip Hench wa Marekani alianza kuwapa wagonjwa wa viungo mwaka 1948. Miaka miwili baadaye alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mwaka 1951 Daktari Hollander wa Philadelphia alitangaza jinsi ya kuitia ndani ya kiungo chenyewe. Hutuliza uvimbe, na kwa siku chache mgonjwa hutembea kwa raha. Lakini raha hiyo mara nyingi ni ya majuma machache tu, wala gegedu haioti tena.

Tena yafaa tujihadhari. Mwaka 2017 waganga wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 140 waliochomwa sindano kila miezi mitatu kwa miaka miwili, wengine dawa, wengine maji ya chumvi tu. Mwishoni maumivu yalikuwa karibu sawasawa, ila waliopata dawa gegedu yao ilikuwa imepungua zaidi. Na mwaka 2020, katika wagonjwa 156, waliofundishwa mazoezi walikuwa na nafuu kubwa baada ya mwaka kuliko waliochomwa sindano.

Kwa maoni yangu, mzee asiyeweza hata kusimama asinyimwe sindano moja, mradi achomwe na mganga hospitalini kwa usafi kamili, si na mtu wa mtaani. Maana vijidudu vikiingia gotini huweza kuliharibu kabisa. Mwenye ugonjwa wa sukari amwambie mganga kwanza, kwa kuwa dawa hiyo huipandisha sukari kwa siku kadhaa. Kisha majuma yale ya raha yasipotezwe kwa kukaa kivulini. Mzee aketi kitini, ainuke bila kushika kitu, aketi tena, mara kumi, asubuhi na jioni, apate nguvu mapajani. Apunguze unene: kilo moja ikipungua, goti hupunguziwa mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Fimbo aishike kwa mkono wa upande wa goti zima, si wa goti bovu kama wengi wafanyavyo.

Na wale mabibi waonao haya kuketi wakati wa Mageuzo, wajue kwamba Kanisa halimlazimishi mgonjwa kupiga magoti.