Kati ya King'amuzi na Runinga: Kuitambua Hitilafu ya Waya wa Picha (Sehemu ya Pili)

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya analojia, ikianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, runinga nyingi za majumbani hupata picha kupitia king'amuzi, na kati ya vifaa hivyo viwili upo waya ambao aina zake zilielezwa katika sehemu ya kwanza ya makala haya. Sehemu hii inahusu hitilafu za waya huo, kwa kuwa katika nyumba na vibanda umiza vya Kahama, Katoro na Nyarugusu ni rahisi kukilaumu king'amuzi kizima, hata kununua kingine, ilhali kasoro ni ya waya wa bei ndogo.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni namna picha ilivyopotea. Waya wa AV, ambao pini yake ya njano hubeba picha na zile nyekundu na nyeupe hubeba sauti, husafirisha picha kwa mfumo wa analojia, yaani kwa kupanda na kushuka kwa nguvu ya umeme. Kwa hiyo unapochakaa, rangi hupauka na chenga huongezeka taratibu. Waya wa HDMI, wenye pini 19 ndani ya kichwa chake, husafirisha picha kwa tarakimu, hivyo picha hubaki safi hadi uwezo wa waya unapofikia kikomo, ndipo vidoa vinavyometameta hujitokeza au skrini huwa nyeusi ghafla.

Kwa upande wa AV, ving'amuzi vingi vidogo vina tundu moja la duara la milimita 3.5, na nyaya za tundu hilo, ingawa hufanana kwa macho, hazikupangwa ndani kwa utaratibu mmoja. Ikiwa picha haionekani na spika inatoa mngurumo mkali, yamkini picha inapita katika pini nyekundu, na kuichomeka pini hiyo katika tundu la njano kutathibitisha jambo hilo. Aidha, runinga bapa nyingi hupokea pini ya njano katika tundu la kijani linalotumiwa na mifumo miwili. Picha ikitokea bila rangi, huenda rimoti imechagua mfumo usiohusika, na dawa yake ni kuchagua AV.

HDMI ina sharti la ziada: kabla ya picha kuonekana, vifaa hivyo viwili hubadilishana taarifa za ukubwa wa picha ambao runinga inaumudu na kuhakiki ulinzi wa hakimiliki. Mabadilishano hayo yakikwama, vifaa vyote vizimwe na kuchomolewa kwenye umeme, kisha runinga iwashwe kwanza na king'amuzi kifuate. Skrini ikibaki nyeusi, king'amuzi chenye matundu ya aina zote mbili kiunganishwe kwa AV ili menyu yake ionekane, na ukubwa wa picha upunguzwe kutoka mistari 1080 hadi 720, kwani mzigo huo mdogo hupita hata katika waya dhaifu au mrefu, kama ule unaokwenda kwenye projekta ya kibanda umiza.

Karibu na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, vumbi laini huingia katika matundu na kuzuia pini zisigusane vizuri. Vifaa vikiwa vimechomolewa, pini zifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti na kuachwa zikauke. Kuchomeka HDMI huku vifaa vinapata umeme ni hatari, hasa pale ambapo nyumba haina waya wa ardhi, kwa kuwa umeme unaovuja unaweza kuunguza tundu zima.

Anayechunguza hitilafu abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: kwanza waya, kisha tundu, kisha runinga, akiangalia matokeo ya kila hatua. Akibadilisha vyote pamoja, picha inaweza kurudi bila chanzo kujulikana, na kifaa kizima kikatupwa. Sehemu ya tatu itaeleza mngurumo unaozuka sabufa inapounganishwa na runinga.