Paa Bapa na Njia ya Maji

Ndugu zetu wa Visiwani wanaoletwa Dodoma na kazi za Serikali huona ajabu nyumba mpya zinazojengwa pembezoni mwa mji: kuta zimepanda hadi juu, na paa halionekani. Mtindo huo umeenea tangu uhamisho wa Serikali uliotangazwa mwaka 2016, na wako watumishi walioutilia mikopo yao yote. Wako pia wanaodai kwamba paa bapa ni jambo la kigeni lisiloweza kuzuia mvua. Madai hayo hayana msingi, hususan yanapotolewa katika nchi ya Wagogo.

Tembe la Mgogo lilikuwa na paa bapa kabla bati halijafika huku. Nguzo zenye panda zilibeba miti minene, juu yake fito na matawi, kisha udongo uliokandwa na kushindiliwa. Udongo huo ulizuia jua la mchana, na usiku wa baridi ulihifadhi joto ndani. Mvua ya Dodoma ni haba, yapata milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha takriban yote baina ya Desemba na Aprili. Tembe liliimudu kwa sababu paa lake liliinamishwa kidogo, na mwenyewe alilipanda kuziba nyufa. Wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 tembe lilihesabiwa kuwa dalili ya unyonge. Viongozi waliotutangulia walikuwa na haki kudai nyumba zenye hewa na mwanga. Lakini elimu ya fundi wa tembe haikustahili kudharauliwa.

Wazanzibari nao wanayajua haya. Nyumba za Mji Mkongwe zilifunikwa kwa chokaa na mawe ya matumbawe juu ya boriti za mikoko. Huko mvua inakaribia mara tatu ya hii yetu. Chokaa ilipopasuka, maji yalizifikia boriti zikaoza. Ndiyo maana nyingi zilivikwa mabati ya mteremko.

Mwaka juzi nilipanga nyumba hapa Majengo, na mvua ya Januari ikanishukia kitandani. Nilipopanda juu nilikuta bati zima, halina hata tundu. Mchirizi nyuma ya ukuta ulikuwa umejaa majani na mifuko, na fundi, ambaye simtaji, alikuwa ameacha tundu moja tu la kutolea maji. Maji yalifurika yakapita chini ya bati.

Basi mwenye kujenga na amhoji fundi kabla ya kununua chochote. Paa la zege liinamishwe angalau sentimita 2 kwa kila mita. Lami ya kuzuia maji ipandishwe ukutani kiasi cha sentimita 15, kwani uvujaji hupenda kuanzia kwenye kona, na ipakwe rangi nyeupe, maana jua letu huikausha ikapasuka. Bati za migongo zisilazwe chini ya digrii 10, la sivyo upepo husukuma maji ndani ya maungio. Matundu yawe mawili au zaidi, na jingine la akiba juu yake, litoe maji mbele ya mlango, ili mwenye nyumba ajue kuwa ya chini yameziba.

Ngazi nayo isisahauliwe. Katika nyumba hizi mpya nilizozitembelea, nyingi hazina njia yoyote ya kumfikisha mtu juu, ilhali mwenye tembe alihitaji gogo moja tu la kukanyagia.