Goweko: Mji Uliotegemea Treni Isimame

Goweko, wilayani Uyui, haikuzaliwa na mgodi wala na bandari. Ilikua kwa sababu treni ya reli ya kati ilisimama hapo, kati ya Nyahua na Igalula, na ilianza kunyong'onyea treni zilipopungua. Tabora ilibaki na njia panda ya Mwanza na Kigoma, na Kigoma ikabaki na ziwa. Goweko haikuwa na mhimili wa pili.

Hatari ya kutegemea wapita njia ni ya zamani katika nchi hii. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Tura, Rubuga na Kigwa kabla ya kufika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na vijiji hivyo vilinawiri kwa kuwauzia wapagazi chakula. Mpelelezi Stanley alipopita mwaka 1871 aliikuta Rubuga imekuwa mahame, baada ya vita vya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mnwa Sele. Kijiji kinachokula kwa mguu wa mpita njia hakina akiba siku njia inapofungwa.

Wajerumani walifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Walilitaka Ziwa Tanganyika. Hata meli tunayoiita leo Liemba ilipita hapa ikiwa vipande ndani ya masanduku, ikaungwe Kigoma. Vituo vya katikati viliwekwa kwa mahitaji ya reli yenyewe. Njia ilikuwa moja, kwa hiyo treni zilihitaji mahali pa kupishana, na injini za mvuke zilihitaji maji. Stesheni masta hakuiruhusu treni kuondoka mpaka mwenzake wa kituo cha mbele athibitishe kuwa njia ni nyeupe.

Muda huo wa kungoja ndio uliokuwa soko. Akina mama walikimbilia madirisha ya daraja la tatu na beseni kichwani: karanga, matobolwa, kuku, asali kwenye chupa. Abiria alionja asali kwa kidole, bei ikapatanwa kwa maneno mawili, pesa ikapokewa huku behewa limeshaanza kusogea. Ada ya shule na daftari za watoto zilitoka hapo.

Kisha sababu za kusimama zikaondoka moja baada ya nyingine. Dizeli haikuhitaji maji ya kila kituo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Shirika la Reli Tanzania likaanza na vifaa vichache. Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa ubia na kampuni ya RITES ya India, na ubia huo ukavunjika baada ya miaka michache. Mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 yalikata njia kwa miezi. Shehena iliyokuwa zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilishuka hadi chini ya laki tatu ndani ya takriban muongo mmoja. Lami ya Itigi hadi Tabora kupitia Chaya na Nyahua ilipokamilika, msafiri mwenye haraka akapanda basi.

Sasa reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora hadi Tabora. Furaha yake ni halali, lakini treni ya kasi haina dakika za kupatana bei dirishani. Halmashauri ya Uyui na vyama vya ushirika visisubiri soko la zamani lirudi lenyewe. Asali, mpunga na tumbaku vya Uyui vinahitaji ghala, mizani na mahali pa kupakilia karibu na reli, ili mzigo uwe sababu ya treni kusimama. Bila hivyo, reli mpya itawanufaisha walio mwanzo na mwisho wa safari, na watu wa katikati watabaki kuhesabu mabehewa yanayopita. Walishalipa gharama hiyo mara moja, na hakuna sababu ya kuwalipisha tena.