Tusi Lenye Taarifa Ndani

Mdogo wangu hutengeneza mabasi. Karakana yake ni meza ya plastiki sebuleni kwa mama, kompyuta mpakato iliyong'oka vitufe viwili, na feni. Mimi nakata tiketi za mabasi ya kweli katika Stendi ya Magufuli, Mbezi. Kwa kuwa mabasi nayajua, na matusi ya watu hayanikoseshi usingizi, nimejikuta nina kazi ya pili: kila anapotoa basi jipya, malalamiko yote yanapitia kwangu kwanza.

Mabasi yake ni ya kwenye gemu. Kwa wasiojua, gemu yenyewe ni Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa na kampuni ya Maleo ya hukohuko Indonesia mwaka 2017. Inachezwa kwenye simu. Unaendesha basi, unapakia abiria, unapiga zile honi zenye muziki ambazo watoto wa Java walikuwa wakiwaomba madereva barabarani hadi dunia nzima ikasikia mwishoni mwa 2016. Mchezaji anaruhusiwa kuingiza gari alilolitengeneza mwenyewe, au kulipaka rangi anayoitaka gari lililopo. Nyongeza ya namna hiyo ndiyo modi. Vijana wa Tanzania na Kenya wakaidaka nafasi hiyo, na leo utamkuta mtoto wa Mbagala kajikunyata kibarazani anaendesha basi lenye rangi na maandishi ya huku kwetu, ilhali barabara na vibao vyote ni vya Indonesia. Bahati nzuri Waindonesia nao huendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria haukuhitaji kuhamishwa.

Mabasi yake anayatoa bure. Ndiyo maana akisemwa vibaya, jibu linalomjia mdomoni ni lilelile la watengeneza modi wote: hujalipa hata senti, kama hulitaki usilipakue. Jibu hilo nimempiga marufuku. Basi lake la mwisho lilikuwa na MB 180. Mtu kanunua bando kwa hela yake, kalimalizia kwenye basi letu, halafu simu imezima. Huyo amelipa. Hakutulipa sisi, lakini imemtoka, na hasira yake inaanzia hapo.

Usiku ule ule basi lilipotoka, ujumbe wa sauti wa kwanza kwenye kundi la wachezaji ulisema hivi: "Hili basi au jeneza? Nimefika kona ya kwanza simu imekufa. Mwambieni aliyelitengeneza akauze karanga." Dogo aliusikia, akafunga kompyuta, akaenda kulala na njaa. Mimi nikafungua daftari. Nikaandika: simu inazima, kona ya kwanza. Karanga sikuziandika. Kisha nikamjibu yule bwana: "Pole kaka. Unatumia simu gani, na inazima ukiwa na abiria au hata basi likiwa tupu?"

Sauti yake ikabadilika hapohapo. Simu ina RAM ya GB 2, akasema, ya zamani kidogo. Basi tupu linakwenda vizuri. Akipakia abiria, linaanza kukwamakwama, na kwenye kona ya kwanza gemu inafunga. Asubuhi nikawauliza wengine watano waliokuwa wametukana, wakanipa habari hiyohiyo. Fundi peke yake asingeijua kamwe, kwa sababu simu anayojaribia yeye ina nguvu mara tatu ya hizo.

Chanzo kilikuwa nini? Umbo la gari ndani ya gemu limeundwa kwa pembetatu ndogondogo zilizounganishwa, na simu hulazimika kuzichora upya mara nyingi kila sekunde. Dogo alikuwa amechonga hadi skrubu za miguu ya siti. Skrubu! Miaka yote niliyokaa stendi sijamwona abiria aliyeinama kukagua skrubu. Juu ya hapo kuna picha zinazobandikwa kwenye umbo: ubavu, siti, mapazia, dashibodi. Picha moja ya pikseli 4,096 kwa 4,096, isipobanwa, inakula MB 64 za kumbukumbu. Ukiipunguza kila upande kwa nusu, inabaki 16, na kwenye kioo cha simu ya inchi sita macho hayaoni tofauti. Akang'oa skrubu, akapunguza picha, akatoa toleo la pili lenye maelezo ya mistari mitatu tu: kilichorekebishwa, simu zilizojaribiwa, na ahsante kwa waliotoa taarifa. Hakujitetea popote. Yule wa karanga tulimpa alijaribu kabla ya wengine.

Lakini si kila kelele ina taarifa. Aliyemtukana mama yetu nilimtoa kwenye kundi bila kumjibu, na sikumwambia dogo. Yapo pia malalamiko ambayo ni ya kweli lakini hayamhusu: gemu ikipata toleo jipya na modi za zamani zikagoma, anayetukanwa ni aliye karibu.

Hilo la kumpiga aliye karibu lina kisa kikubwa. Skyrim, gemu ya Bethesda ya Marekani iliyotoka Novemba 2011, ilikuwa na wachezaji waliokwisha kuzoea kupeana modi bure kwa miaka. Tarehe 23 Aprili 2015 kampuni ya Valve, wenye duka la Steam, kwa makubaliano na Bethesda, ikaruhusu modi ziuzwe. Mtengenezaji alipewa asilimia 25 ya bei. Iliyobaki waligawana wenye duka na wenye gemu. Moto ukawaka. Waraka wa kupinga ulivuka sahihi laki moja. Gabe Newell, mkuu wa Valve, alijitokeza mwenyewe kuwajibu wachezaji, na majibu yake hayakumtuliza mtu. Tarehe 27 mpango ukafutwa, wanunuzi wakarudishiwa hela, na Valve ikakubali kwamba haikupaswa kuanzia kwa watu wenye desturi zao za siku nyingi.

Kampuni zile ziliendelea na biashara zao. Walioumia ni watengenezaji wachache waliokubali kuuza, wakaitwa wasaliti kwa mgawo ambao hawakuupanga wao. Mmoja wao aliuza modi ya uvuvi ambayo ilitegemea kazi ya mwenzake iliyotolewa bure, na akalazimika kuiondoa mapema kabisa.

Shutuma ya wizi kwa kweli ndiyo pekee ninayoitaka ijibiwe siku hiyohiyo. Nasi ilitufika: mtu alidai usukani wa basi letu umeibwa kwa fundi wa Indonesia. Usukani ulikuwa wa fundi huyo kweli, ila dogo alimwomba, akaruhusiwa kwa sharti la kumtaja. Alimtaja. Wanaosambaza mafaili kienyeji ndio waliofuta maelezo. Tukaweka wazi picha ya mazungumzo yao, ya Kiindonesia cha kutafsiriwa na mashine, na katika toleo la pili jina la fundi likaandikwa kwenye dashibodi yenyewe, mahali ambapo huwezi kulifuta bila kuharibu basi. Maneno yakaisha.

Kuna usiku dogo alitaka kufuta kila kitu. Hamu hiyo huwapata wengi. Nexus Mods, hazina kubwa ya modi iliyoanzishwa Uingereza na Robin Scott mwaka 2001, ilitangaza mwaka 2021 kwamba mafaili hayatafutwa tena moja kwa moja bali yatawekwa kando, ili modi zinazoyategemea zisivunjike. Baadhi ya watengenezaji walikasirika wakaondoka na kazi zao. Nawaelewa, kwa sababu kazi ni yao. Kwetu kufuta kusingesaidia kitu hata hivyo: faili lilikuwa limekwisha kurushwa kutoka simu hadi simu, na toleo lenye skrubu ndilo lingebaki mitaani.

Lalamiko moja aligoma kulifanyia kazi. Basi lake haliendi zaidi ya kilomita 80 kwa saa, kwa kuwa mabasi ya mikoani hayaruhusiwi kuzidi hapo, na yeye anataka lake liwe la kweli. Wachezaji wanataka 140. Walimwita mzee wa sheria, askari wa trafiki, na mengine. Nikamwambia hilo si kosa, ni ladha, na ladha ya basi ni ya mwenye basi. Baadaye kijana mmoja wa Dodoma akaomba faili la asili, akapewa, akaongeza mwendo, akatoa basi lake akiwa amemtaja dogo juu kabisa. Wanaotaka 140 sasa wanapakua la Dodoma, na likiwapindukia kona za Java wanamlalamikia yeye.