Damu Haijui Mizani

Swali huja kwa sura mbili. Mzazi wa mtoto aliyeshinda huuliza mwanawe kaipata wapi damu ya ushairi, maana ukoo mzima hauna malenga hata mmoja. Mzazi wa mtoto aliyeshindwa haulizi, anajijibu mwenyewe: "Mwalimu, tusilazimishe, sisi hatuna damu hiyo." Nimekuwa jaji wa mashindano ya mashairi ya shule kwa muda wa kutosha kuwa na haki ya kuchoka, na nimechoka. Hakuna damu ya ushairi. Kuna nyumba za ushairi, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Wapo wasioishia kwenye kuuliza. Mama mmoja aliniambia amempeleka kijana wake akanyweshwe kombe, yale maandishi ya zafarani yanayooshwa kwa maji ya waridi, ili kifua kifunguke na ushairi wa mababu ushuke. Sikumcheka. Kombe lina heshima yake mahali pake. Ila nilimwita kijana kando nikamwomba anighanie shairi lolote analolijua, la mtu yeyote, refu au fupi. Hakuwa nalo. Nyumbani kwao hakuna anayesoma kwa sauti wala anayeghani, na redio ni ya mpira. Kifua kifunguliwe kitoe nini?

Anayetaka kuniumbua hukimbilia Mombasa. Ahmad Nassir Juma Bhalo alitupa *Malenga wa Mvita* mwaka 1971. Ndugu yake, Abdilatif Abdalla, akatupa *Sauti ya Dhiki* mwaka 1973. "Haya mwalimu, hiyo si damu?" Sasa tuiangalie nyumba hiyo kwa utulivu. Ndugu yao mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, damu ile ile ilimpeleka kwenye siasa, uchapishaji na mafunzo ya dini, na huko ndiko jina lake linakojulikana. Abdilatif naye alilelewa na Mzee Ahmad Basheikh Husein, babu yake kwa ukoo, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi. Kwa maneno mengine, mtoto alikula, akalala na akaamka karibu na mtu anayetunga. Miaka ilipopita, kati ya 1969 na 1972, Abdilatif akafungwa kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?* Gerezani alinyimwa kalamu na karatasi, mashairi akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mtu hawezi kuanza kujifunza mizani katika hali ile. Lazima awe ameingia nayo, na haikuwa kwenye mishipa. Ilikuwa sikioni.

Nikisema sikio, wengi hudhani nasema kwa mafumbo. Hapana, nasema ufundi. Chukua mshororo huu nilioutunga sasa hivi: "Nyumba yetu ina giza, taa imekwisha mafuta." Maana imenyooka, sarufi haina tatizo. Mwanafunzi niliyemfundisha darasani atahesabu silabi kwa vidole: kipande cha kwanza mizani nane, cha pili tisa. Atagundua kosa baada ya dakika nzima. Mtoto aliyekulia kwenye kughani hahesabu kitu. Akifika "imekwisha" atakunja uso, kisha atasema, bila kujua kwa nini, "taa haina mafuta." Nane kwa nane. Huyo ndiye mnayemwita mwenye damu. Kilichotokea ni kwamba kabla hajajua kusoma alishasikia maelfu ya vipande vya mizani nane: nyimbo za kubembelezea, kasida, tenzi zilizosomwa sebuleni, mafumbo ya harusini. Guni, yaani kosa kama hilo, linamkera kama mchanga kwenye wali.

Na mara nyingi sauti hiyo ya kwanza ni ya mwanamke, jambo ambalo wapenzi wa damu hulisahau kwa sababu koo wanazihesabu kwa baba. Ahmad Sheikh Nabhany wa Lamu, mtu aliyekuwa ghala la Kiswahili cha kaskazini, alifunzwa ushairi na bibi yake, Amina Abubakar Sheikh. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi mwaka 1858, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Utendi ule ulinakiliwa na kukaririwa nyumba hadi nyumba, ukapita kwa watoto ambao hawakuwa na tone la damu ya Mwana Kupona.

Hapo ndipo kosa kubwa la hoja ya damu linapoonekana. Koo tunazozijua kuwa za washairi ni zile zilizokuwa na mtu wa kuandika na sanduku la kuhifadhia. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, angeweza kupotea kabisa. Aliyemwokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya mashairi yake Mombasa, na W. E. Taylor, mmisionari aliyeondoka nayo. Kitabu hakikutoka mpaka 1940. Je, ni akina Muyaka wangapi wa Pemba, wa Kilwa, wa Bagamoyo, ambao hawakupata Sikujua wao? Sisi leo tunaiangalia rafu, tunakuta majina ya nyumba chache, tunatangaza kwamba nyumba hizo zina kitu mwilini. Zilikuwa na wino.

Kisha waje walioharibu hesabu hiyo ya damu. Mathias Mnyampala alizaliwa 1917 karibu na Dodoma, mtoto wa Kigogo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Ndiye aliyetupa ngonjera, mashairi ya majibizano. Amri Abedi alitoka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, na *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954) zinazotumiwa na majaji wa Pwani kuwakatia wengine alama ni zake. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alikuwa na asili ya Uyao na akafanya ukarani wa forodha. Watu hawa hawakurithi sebule ya kughania, basi wakaitafuta. Kwa kizazi chao gazeti la *Mambo Leo* lilikuwa sebule: ukituma shairi bovu, mtu usiyemjua atakujibu kwa shairi zuri mbele ya Tanganyika nzima. Adabu ya namna hiyo hufundisha haraka. Na Shaaban alipopata watoto, akageuka kuwa yeye ndiye nyumba, akamtungia binti yake *Utenzi wa Hati* na mwanawe wa kiume *Utenzi wa Adili*. Ukoo wa ushairi huanza hivyo, kwa mtu mmoja kuamua.

Sisemi utoto hauna kazi. Una kazi kubwa, ila ni ya kumpa mtunzi mali ghafi. Haji Gora Haji wa Tumbatu hakuwa na masomo mengi ya shule. Alikuwa na uvuvi na ubaharia, na diwani yake ya 1994 inaitwa *Kimbunga*. Mtoto wa mjini asiyejua upepo wa kusi na kaskazi hawezi kuiba hilo kwenye kamusi. Euphrase Kezilahabi alitoka Ukerewe akiwa na Kikerewe mdomoni, na alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 bila vina wala mizani, walinzi wa ushairi walimjia juu. Yapo mabishano ya haki kuhusu ushairi huru, nami nina upande wangu. Lakini kila nikisikia mtu anasema "yule hakuzaliwa kwenye Kiswahili", namkumbusha Shihabuddin Chiraghdin, aliyeutetea ushairi wa vina na mizani kuliko wengi wetu, ambaye upande wa baba asili yake ilikuwa Punjab.

Haya, mzazi, unataka ufanye nini? Ghani. Kama hujui kughani, soma kwa sauti. Kama husomi, weka taarabu ya zamani na uizime katikati ya ubeti, umwambie mtoto amalizie. Mafumbo na vitendawili mezani, kila siku, bila kumgeuzia mtihani. Mtafutie mzee mmoja anayetunga, awe wa mtaani au wa msikitini au wa kwaya, ampelekee shairi lake kila akimaliza moja. Si lazima awe ndugu. Mwache akariri kabla hajaelewa. Kama kwenu mnasema Kihehe au Kijita, mwimbie kwa Kihehe au Kijita, sikio halichagui. Usimnunulie kitabu cha kanuni kabla ya diwani mbili tatu. Usimwambie ana kipaji, mwambie ubeti wa tatu umemchosha msikilizaji. Na akikuletea shairi lenye guni, usilisahihishe: mrudishie alisome mwenyewe kwa sauti, tena na tena, mpaka akwame palepale linapokwama.